Siku ya Laga

Kaloki aliingia Kibera Jumapili alasiri akiwa bado na vumbi la jangwa la Chalbi masikioni. Aliwashusha wageni wake hotelini mjini, akamwachia Nasipwondi, mpishi wao, gari pamoja na masufuria yote, akashika njia bila hata kupita kwake Kawangware kubadilisha shati. Alijiambia kwamba mtu anayekwenda kuomba msamaha haendi akinukia sabuni.

Hilo lilikuwa wazo lake la kwanza la kijinga siku hiyo, na halikuwa la mwisho.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala ya adhuhuri, Kaloki alitakiwa awe ameketi ndani ya msikiti, mbele ya imamu na wazee saba wa Kinubi, atamke shahada. Kisha angeongozwa hadi nyumbani kwa mzee Yusuf, pale Makina, humo humo Kibera, posa yake ya kumwoa Mabrouka ipokewe. Mzee Yusuf, baba yake Mabrouka, alikuwa amekataa miaka miwili mizima kabla ya kukubali. Na Syokau, mama yake Kaloki, aliyelia wiki tatu kwamba mwanawe wa pekee analihama kanisa, alikuwa amefuta machozi, akashona rinda jipya, akaja na mjomba Muia. Wali na nyama vilipangwa mkekani, vikafunikwa kwa tabaga, zile kawa za rangi nyingi ambazo wanawake wa Kinubi husuka kwa mkono. Kila mtu alifika. Aliyekosekana ni bwana harusi, ambaye saa hiyo alikuwa kilomita mia saba kaskazini, amekaa juu ya boneti la gari, anatazama maji mekundu yakipita na miti mizima.

Watu walingoja hadi alasiri. Kisha mzee Yusuf mwenyewe akafunua tabaga moja moja, akasema, "Kuleni, chakula hakina kosa." Watu wakala kama waliokaa matangani. Syokau hakugusa chakula. Alirudi Kawangware na rinda lake jipya, akajifungia.

Simu ya Kaloki ilipata mtandao Jumamosi jioni, Marsabit. Alimpigia Mabrouka kwanza. Mabrouka alimsikiliza mpaka mwisho, laga, maji, gari, samahani, samahani tena. Kisha akasema maneno mawili.

"Njoo mwenyewe."

Akakata.

"Hodi!" Kaloki aliita langoni.

"Nani?"

"Ni mimi, Haboba. Kaloki."

Haboba Malika, nyanya yake Mabrouka, alikuwa ameketi uani na tabaga mpya mapajani, sindano mkononi. Hakuinuka. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, na kurudi tena hadi viatu.

"Tulisikia umeoa mto huko kaskazini."

"Sijaoa, Haboba."

"Basi mto umekuoa wewe. Ingia. Viatu vivue hapo nje, vina mchanga wa watu."

Faisal, kaka yake Mabrouka, alikuwa ameegemea tangi la maji, mikono kifuani.

"Niaje, bwana harusi."

"Poa, Faisal."

"Uko poa wewe. Sisi hatuko poa. Jana yule msee wa bucha ameniuliza, 'Faisal, shemeji alitoroka ama aliliwa na fisi?' Nikakosa jibu, manze. Nilitaka kusema fisi, lakini nikaona nitawakosea fisi heshima."

"Faisal!" Sauti ya mzee Yusuf ilitoka ndani. "Mwache apite."

Kaloki akapita. Na mlangoni hapo, akiwa ameshika sinia la vikombe, akakutana na Mabrouka.

Niseme ukweli, Mabrouka hakuwa yule mrembo wa kwenye kalenda. Alikuwa na pengo dogo la meno ya mbele na vidole vilivyochomwachomwa na sindano tangu utotoni. Lakini alikuwa na macho ambayo yakikutazama unakumbuka kila uongo uliowahi kusema. Siku hiyo macho hayo yalikuwa mekundu. Yalimtazama Kaloki kwa muda wa pumzi moja, yakaona midomo yake iliyopasuka kwa jua, yakaona mkwaruzo shingoni, yakalainika kidogo. Kisha yakakumbuka jambo fulani, yakawa magumu tena. Mabrouka akapita na sinia lake.

Kaloki alitaka kumshika mkono. Miaka miwili na miezi minne alikuwa ametaka kumshika mkono huo mbele ya watu.

Walikutana kwa sababu ya mchanga. Geoffrey, mwenye kampuni ndogo ya utalii ambayo Kaloki aliiongozea wageni, alikuwa amechoka kusikia wazungu wakilalamika kwamba kambini chakula kina mchanga. Akamtuma Kaloki Kibera akatafute kawa za kufunikia sahani. Kaloki akaelekezwa kwa Mabrouka.

"Huko kwenu mnakula mchanga?" Mabrouka alimuuliza siku hiyo.

"Si kwetu. Kwetu ni Kawangware. Huko ni kazini."

"Kazini ni wapi?"

Kaloki akamwambia. Alikwenda kununua kawa sita, akakaa saa tatu. Alimweleza ziwa linalobadilika rangi mara nne kwa siku moja, asubuhi la kijivu, jioni la kijani kama jani la mgomba. Alimweleza magogo ya miti yaliyolala chini miaka isiyohesabika mpaka yakawa mawe, na bado unaona mishipa ya mti ndani ya jiwe. Alimweleza miamba ambayo watu wa kale walichonga twiga juu yake, mahali ambapo leo hakuna twiga wala jani la twiga kula. Mabrouka, ambaye hakuwahi kupita Thika, alisahau sindano mkononi.

"Utanipeleka?" aliuliza mwezi wa tatu wa mapenzi yao.

"Tukioana. Wiki ya kwanza. Utalala nje, uone nyota mpaka uchoke."

"Na mvua ikinyesha?"

Ndipo Kaloki alipomweleza siku ya laga. Laga ni mto wa mchanga. Mwaka mzima ni mkavu, mbuzi wanalala ndani yake. Lakini mvua ikinyesha milimani, mbali ambako wewe huoni hata wingu, maji hushuka kwa ghafla, na ukiwa upande usio wako utakaa huko hadi yaishe. Kwa hiyo kila anayepeleka watu kaskazini huweka siku moja pembeni. Siku hiyo haiko kwenye ratiba. Haigawiwi, haichezewi. Ukipata laga kavu, siku yako inabaki, unafika nyumbani mapema, unalala. Ukikuta maji, unayo ya kuyalipa.

"Siku hiyo si yangu wala si ya mgeni," Kaloki alimwambia. "Ni ya laga."

Mabrouka alilipenda neno hilo. Tangu hapo kila Kaloki alipokwenda safari, yeye nyumbani alihesabu siku za safari, akaongeza moja, ndipo akaanza kuwa na wasiwasi. Hakuwahi kuanza mapema.

Mzee Yusuf alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, kofia yake nyeupe kichwani. Alikuwa mtu mkubwa aliyeanza kupungua. Kwa miaka kumi na moja aliendesha lori kutoka Isiolo hadi Moyale, enzi ambazo barabara ilikuwa jina tu, kabla hajarudi Makina kusimamia vyumba vya kupangisha vya baba yake.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam. Kaa. Umekula?"

"Nimekula, mzee."

"Unadanganya. Aliyetoka Marsabit alfajiri hajala. Mabrouka! Mletee kijana chakula."

Chakula kikaja. Kaloki akanawa, akamega, akalirudisha tonge sahanini. Faisal aliingia akasimama ukutani. Haboba Malika naye alijikokota akakaa mkekani na sindano yake, maana hakuwa mtu wa kukosa shauri.

"Nilisimama mbele ya imamu," mzee Yusuf alianza taratibu. "Nikasimama mbele ya wazee ambao babu zao walikuja hapa na babu yangu. Wakaniuliza, 'Yusuf, mkwe yuko wapi?' Simu yako haikupatikana, nikasema basi yuko lagani. Mmoja akacheka. Nikamwambia, wewe umeuza vitambaa maisha yako yote, hujui laga. Mimi nimelala siku sita kwenye laga moja, nikila magunia ya watu. Si ndivyo, Mama?"

"Ulirudi umekonda kama uzi," Haboba alisema. "Mkeo alikucheka."

"Sasa niambie wewe, kijana. Mvua ilinyesha wapi?"

"Juu milimani, mzee. Sisi hatukuona hata tone. Tulisikia tu mngurumo."

"Ndivyo!" Mzee aligeuka kwa Faisal. "Umesikia? Hata tone! Na maji yanakuja kama treni. Ulijaribu kuvuka?"

"Niliingia kwa miguu kwanza. Yakipita goti, gari haliingii. Yalinifika kiunoni."

"Ndivyo. Huo ndio udereva." Uso wa mzee ulikuwa umeanza kufunguka, na Kaloki aliuona ukifunguka, na moyo wake ukaruka kama wa mtoto. Ilikuwa inawezekana. Baada ya yote, ilikuwa bado inawezekana. "Na siku ya laga uliweka?"

"Niliweka, mzee. Moja."

"Ilikwenda wapi?"

Mzee aliuliza bila ubaya. Aliuliza kama dereva anavyomuuliza dereva mwenzake. Lakini Mabrouka, aliyekuwa anamimina chai, aliacha kumimina.

Hapa tumsimamishe Kaloki kidogo, tuone siku hiyo ilikwenda wapi.

Jumanne asubuhi gari lilikuwa limepakiwa. Laga ilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma. Wangeondoka saa moja, jioni wangekuwa Marsabit, Jumatano Nairobi, siku mbili kamili kabla ya Ijumaa. Ndipo wale wageni, mume na mke wenye miaka karibu sabini, wakasema wangependa kuwaona wale twiga wa mawe mara moja tena, halafu wapande matuta ya mchanga jua likizama. Yule mama alimshika Kaloki mkono. "Hatutarudi tena hapa maishani," alisema.

"Kaloki," Nasipwondi alimwita pembeni, mwiko mkononi, "leo si ya hawa. Wala si yako. Leo ni ya laga, na wewe Ijumaa una watu."

"Angalia anga, dada. Unaona hata wingu?"

"Sijasema wingu. Nimesema una watu."

Kaloki aliitazama anga. Ilikuwa safi kama sahani ya bati. Akashusha mizigo.

Na ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuona kaskazini. Alisimama juu ya tuta, upepo ukipeperusha mchanga kama moshi chini ya miguu yake, akawasimulia wale wazee habari za watu wa kale mpaka yule mama akalia. Kule juu alikuwa mtu. Kawangware alikuwa mpangaji wa chumba cha mabati anayesubiri zamu ya choo. Makina alikuwa Mkamba anayejifunza kuketi mkekani. Kule juu watu walimfuata alikokwenda na kunyamaza aliposema. Akaonja siku ya mwisho ya kuwa huyo mtu, kabla ya Ijumaa ambayo ingemgeuza mtu mwingine asiyemjua.

Usiku huo wakasikia mngurumo. Jumatano asubuhi maji yalikuwa kiunoni.

"Ilikwenda wapi?" mzee Yusuf aliuliza tena.

Kaloki alimtazama mzee. Akaona uso ulio tayari kusamehe. Akaona posa, akaona nyumba, akaona Mabrouka amelala nje chini ya nyota. Kati yake na hayo yote kulikuwa na Jumanne moja tu.

"Iliishia lagani, mzee. Tulifika Jumanne tukakuta maji. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Walahi."

Wote waligeuka wakamtazama.

Kawangware, walahi ni kama chumvi. Muuza mitumba huisema mara arobaini kabla ya chakula cha mchana, na shati likapasuka kesho yake hakuna anayekwenda kumdai Mungu. Vijana huapa walahi wakicheza karata. Kaloki alikua nayo mdomoni, Mkristo kwa Mwislamu waliisema. Lakini sasa, macho yote yakiwa juu yake, alikumbuka kwamba miaka miwili aliyoingia na kutoka nyumba hii, hajawahi kumsikia mtu yeyote akiitamka. Hata Faisal mwenye mdomo wake mrefu. Hata mara moja.

Haboba Malika aliweka sindano chini.

Mzee Yusuf alivua kofia, akajipangusa kipara kwa kiganja, akaivaa tena. Alipoongea sauti yake ilikuwa nzito.

"Sikukuomba uape. Nilikuuliza tu. Lakini umeapa, na umemtaja Mwenyezi Mungu ndani ya nyumba yangu kabla hata hujaingia dini yake. Basi mimi ni nani? Yamekwisha. Ijumaa ijayo. Nitakwenda mwenyewe kwa imamu kesho."

"Baba," Faisal alisema, "watu watatucheka mara ya pili."

"Wacha wacheke. Jino halimuui mtu. Mkwe wangu alikuwa lagani."

Mkwe wangu. Hajawahi kumwita hivyo. Kaloki alijikuta machozi yanamtoka, na si ya uongo yale. Haboba akamwambia, "Usilie, wewe mto, utajaza nyumba," na watu wakacheka, hata Faisal. Kila mtu alicheka isipokuwa mmoja.

"Baba, namsindikiza langoni," Mabrouka alisema.

"Msindikize. Lakini usipite lango, hujaolewa bado."

Walivuka ua. Kaloki alivaa viatu. Walipofika langoni, ndani bado walisikika wakiongea juu ya mchele. Kaloki alinong'ona, "Mabrouka. Malkia. Umeona? Mungu si Athumani."

"Jumanne mlikuwa wapi?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Jumanne, saa kumi na moja jioni hivi. Mlikuwa wapi?"

Kulikuwa na kitu katika sauti yake, namna ya kubembeleza. Alikuwa anamfungulia mlango. Lakini Kaloki alikuwa ametoka tu kushinda, na mtu aliyeshinda husikia kidogo.

"Si nimesema? Lagani."

"Kaloki. Nakuuliza mara ya mwisho. Niambie yoyote, nitaibeba. Mlikuwa wapi?"

"Lagani, mpenzi. Sasa unataka niape tena?"

Mabrouka alifumba macho. Alipoyafumbua alitoa simu kwenye mkunjo wa shuka lake, akaiwasha, akampa.

Ulikuwa ukurasa wa kampuni. Daisy, msichana wa ofisini, alikuwa ameweka picha jana jioni, mara tu wageni walipopata mtandao. Picha tisa. Kaloki juu ya tuta la mchanga, mikono imetandazwa, jua limekaa begani kwake kama kasuku, anacheka meno yote nje. Chini yake Daisy aliandika: "Jumanne, matuta ya Chalbi. Siku ya nyongeza, zawadi kutoka kwa kiongozi wetu Kaloki! Asante kwa kutupa siku nzima."

Kaloki akamrudishia simu.

"Niliiona jana usiku," Mabrouka alisema. "Baada ya kukwambia uje. Nikasema atakuja, atasema. Nilijipanga. Nikasema atasema mbele ya Baba, Baba atafoka, Faisal atamrukia, mimi nitalia, halafu nitawaambia mimi nimemsamehe, basi. Nililala na hayo. Asubuhi nikaamka nayo."

"Mabrouka, nilikuwa nataka kusema..."

"Lini? Ulipokuwa unanawa ama ulipokuwa unaapa?"

"Imenitoka tu! Hiyo ni neno ya kuongea tu, unajua vile tunaongea huko kwetu."

"Najua vile mnaongea. Na wewe unajua vile sisi hatuongei. Miaka miwili, Kaloki." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Baba alisimama mbele ya wazee saba. Walimcheka usoni. Akasema yule kijana yuko lagani. Ulikuwa na siku. Uliniambia mwenyewe si yako. Nikakuamini, nikawa nahesabu nayo mpaka nikawa nimeizoea kama dawa. Kumbe hata hiyo unaweza kuigawa kwa watu."

"Walikuwa wazee. Walisema hawatarudi tena."

"Na mimi je? Mimi nitarudi wapi?"

Jirani alipita na mtungi wa maji, akawasalimu. Wote wawili wakaitikia vizuri. Ndivyo mtu anavyofanya, hata moyo ukiwa unapasuka, jirani huitikiwa.

"Uliogopa?" Mabrouka aliuliza jirani alipokwisha kupita.

"Kuogopa nini?"

"Ijumaa. Mimi. Msikiti."

Kaloki alitazama viatu vyake. "Kidogo."

"Basi ungesema unaogopa. Hata mimi nilikuwa naogopa. Tungeogopa wawili."

"Niingie nimwambie mzee sasa hivi. Naingia. Nitapiga magoti."

"Ungetaka kuingia ungekuwa ushaingia."

Kaloki hakusogea. Kichwani alikuwa anapima: Faisal yuko mlangoni, Haboba yuko mkekani, mzee amemwita mkwe. Mabrouka alimwangalia anavyopima. Alitikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali bei mbaya.

"Usimwambie," alisema. "Ameshaaibika msikitini. Akijua pia kwamba aliyemtetea amemwapia Mungu uongo kwenye kiti chake, hatainuka tena. Nitamwambia mimi ndiye sitaki."

"Mabrouka, hapana. Watasema wewe..."

"Watasema mengi. Watasema nina kiburi, watasema nina mwingine. Wacha waseme." Machozi sasa yalikuwa yakimtoka, naye hakuyapangusa. "Sikuachi kwa sababu sikupendi. Ujue hivyo. Nakupenda vibaya sana. Lakini nikikaa nawe, kila utakapotoka nitauliza umekwenda wapi, na kila utakaponijibu nitakumbuka ile picha. Siwezi kuishi nikikuhesabia siku kwa vidole, na kila kidole kiwe uongo."

"Nipe siku moja," Kaloki alisema. "Moja tu."

Alipolisikia neno lililomtoka, alitamani kulimeza. Mabrouka aliinua mkono, akagusa ule mkwaruzo shingoni mwa Kaloki kwa ncha ya kidole, kwa muda mfupi sana, mchana kweupe, langoni mwa baba yake. Kisha akageuka, akavuka ua, akaingia ndani.

Kaloki alipaswa kuondoka. Hakuondoka. Alisimama pale ameshika ukingo wa lango kama mlevi. Kicheko cha ndani kikakatika. Akasikia sauti ndogo ya Mabrouka, asipate maneno. Akasikia ya mzee, nayo aliipata yote.

"Wewe mwenyewe? Hakuna aliyekulazimisha?"

Kikasikika kiganja kikigonga mbao za kiti.

"Baada ya mtu kuteseka siku nne kwa ajili yako? Baada ya mimi kuaibika mbele ya wazee? Umeona nini kibaya kwake? Sema! Ametenda kosa gani?"

"Hana kosa, Baba. Ni mimi."

"Nilisema!" Hiyo ilikuwa ya Faisal. "Nilisema huyu dada yetu anatuchezea. Jamaa wa watu ametoka Marsabit na njaa."

Kisha ukasikika ule mlio wa mzee anapoinuka kitini, mguno mrefu. Mzee Yusuf alitokea mlangoni, akauvuka ua bila viatu. Kaloki alidhani anakuja kumpiga. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani jambo la maana: alitamani apigwe.

Mzee Yusuf alimfikia, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu," alisema, "sina uso. Binti yangu amekukataa, na hasemi sababu. Mama yake angekuwa hai asingekubali jambo hili. Nimemlea vibaya."

"Hapana, mzee. Usiseme hivyo."

"Nasema. Wewe umekuja na vumbi lako, umeapa, umelia mbele ya watoto wangu. Ni sisi tuliokosa. Mwambie mama yako, yule mwanamke mpole, kwamba Yusuf anamwomba radhi. Nitakwenda Kawangware mwenyewe nikamwombe. Lakini wewe kwanza. Niambie umetusamehe, nipate usingizi."

Nyuma ya mzee, mlangoni, Mabrouka alikuwa amesimama. Alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni, na alikuwa anamtazama Kaloki moja kwa moja. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anangoja. Hata baada ya kumkataza, hata baada ya kumwacha, alikuwa anangoja, na Kaloki aliona waziwazi kinachongojwa. Yalitosha maneno matatu ya ukweli. Kinywa kilikuwa chake, mzee alikuwa hapo, mikono yao imeshikana.

"Nimewasamehe, mzee," Kaloki alisema.

Mzee Yusuf akashusha pumzi, akainamisha kichwa juu ya mikono ya kijana, akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, langoni mwake, majirani wakitazama. Na Kaloki akambembeleza. Alipoinua macho, pale mlangoni hapakuwa na mtu.